Mchuzi wa Bucha

Jumamosi ile duka la nyama halikufunguliwa, na mtaa ukaingiwa na wasiwasi. Fundi magari wa jirani, ambaye kwake wikiendi bila mbavu si wikiendi, alikuja mpaka mlango wa nyumbani kuuliza msiba ni wa nani. Akamkuta mwenye duka mwenyewe, mzima wa afya, amesimama jikoni kashika ndizi. Akaambiwa leo hakuna nyama. Akauliza kwa nini. Akajibiwa kwa sababu mwenye nyama anapika. Fundi aliitazama ndizi, akamtazama mtu, akaondoka akitikisa kichwa, na kila aliyekutana naye njiani alisimuliwa kwamba jamaa kichwani hakuko sawa.

Jamaa huyo kila mtu alimwita Bucha, mpaka mkewe. Miaka nenda miaka rudi alisimama nyuma ya gogo lake la kukatia, na mkono wake ulikuwa na sifa: ukimwambia kilo, anakata mara moja, na mizani haimbishii. Alijenga nyumba kwa nyama, akasomesha kwa nyama, akaozesha kwa nyama. Sasa hebu fikiria mtu wa namna hiyo, binti yake wa pekee anakuja siku moja na kumwambia, Baba, mimi nimeacha. Si nyama tu, la. Maziwa, mayai, samaki, hata asali. Chochote kilichotoka kwa kiumbe mwenye macho, hali.

Kwanza Bucha alicheka. Alidhani ni mambo ya vijana, yatapita kama mafua. Yalipokataa kupita, ndipo alipofanya ule ujinga wake. Walikuwa na wageni, mkewe kapika maharage, na mgongo wa mke ulipogeuka Bucha akamimina supu ya mifupa kwenye sufuria ile, mimi na wewe tunyamaze. Binti akala, akaongeza, akasifu. Baba mtu akasimama mbele za wageni, mikono kiunoni, akatangaza kwamba mtoto wake ametafuna ng'ombe na hakufa. Wageni walicheka, maana mwenye nyumba akicheka utafanyaje. Binti alitoka nje, akatapika pembeni mwa bomba, akasukutua, akarudi ndani macho mekundu, akasema bila kupandisha sauti, "Baba, katika nyumba hii sitakula tena."

Na hakula. Afadhali angenuna, Bucha angejua la kufanya na mtu aliyenuna. Hakununa. Alikuja kama kawaida, akaamkia, akakaa, akacheka na mama yake. Lakini kikombe kikiletwa alikisogeza pembeni kwa kidole kimoja, akatoa begini chupa yake ya maji. Chupa ile ya bluu Bucha aliichukia kuliko alivyowahi kumchukia binadamu. Na hata kwa watu wengine binti alibadilika. Hakutia kitu kinywani kabla ya kuuliza, humu kuna nini? Akijibiwa, anauliza tena. Bucha alikuwa anajua vizuri sana swali lile kalizaa nani.

Sasa mkwe, mume wa binti, fundi wa majokofu, mtu mpole ambaye kwao ni mbali kule magharibi mwa bara letu, alikuwa amepata kazi huko kwao. Wanahama. Jumanne wanapanda ndege, na kurudi ni majaliwa. Binti alipiga simu kusema Jumamosi watapita kuaga. Bucha akamwambia waje mchana, wale.  Binti akasema kwa upole kabisa kwamba watakuja, ila watakuwa wameshakula.

Bucha aliweka simu mezani, akakaa. Mkewe alikuwa anakunja nguo, hakuinua macho.

"Atakula," Bucha akasema. "Akiondoka nchi hii bila kula kwangu, mimi sina tena mtoto. Nina mgeni."

Mke akamuuliza atamlisha nini, na nani atapika, kwa sababu yeye hatainua hata kijiko. Miaka yote amekuwa akimwombea radhi kwa mtoto, amechoka, mdomo umemkauka. Safari hii mtu apike mwenyewe, aungue mwenyewe. Bucha akasema sawa, atapika mwenyewe. Mkewe akacheka mpaka nguo zikamwanguka mapajani. Huyu bwana hajawahi hata kuchemsha yai.

Lakini Bucha akishaamua jambo, limekwisha. Alimtafuta mkwe kwa siri, akamfuata mpaka kwenye karakana ya majokofu, akamtoa nyuma ya mashine moja akamuuliza, mama yako humpikia nini binti yangu mkienda kwenu? Mkwe akafuta mikono, macho yakang'aa. Mchuzi wa ndizi, akasema. Akaeleza taratibu kama mtu anayeelekeza njia ya nyumbani. Nyanya na vitunguu na pilipili visagwe, vikaangwe kwenye mafuta mekundu ya mawese bila haraka yoyote, mpaka mafuta yajitenge na kupanda juu. Hapo ndipo tangawizi iingie, na karanga zilizosagwa, halafu ndizi, biringanya, bamia, na mboga za majani mwisho kabisa. Bucha akauliza, na ule utamu wa mfupa utatoka wapi? Mkwe akaenda kwenye begi lake akarudi na kopo dogo. Ndani mlikuwa na mbegu nyeusi za mti fulani wa kwao, zimechachushwa, zinanuka kama soksi za mlinzi wa zamu. Akamwambia asiogope harufu, zikiingia kwenye mafuta zitageuka. Bucha alilibeba kopo lile hadi nyumbani ndani ya mifuko mitatu ya plastiki.

Siku ya siku ikafika. Alinunua sufuria mpya na mwiko mpya, maana vya nyumbani vilikuwa vimekula mafuta ya ng'ombe tangu siku ya harusi. Meza aliisugua kwa maji ya moto na sabuni mpaka mbao zikabadilika rangi. Ndizi zile kubwa za kupika alinunua mkungu mzima, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha kununua kidogo, na mama mboga akamuuliza kama anafungua duka la pili. Kisu tu ndicho hakununua. Kisu kigeni mkononi mwake kilikuwa sawa na kiatu cha mtu mwingine. Alikichukua cha kwake, akakisugua, akakichemsha kama wanavyochemsha vyombo hospitalini. Kisha akavaa aproni yake ya kazini, iliyofuliwa ikaanikwa ikapigwa pasi, kwa sababu bila aproni asingeweza kusimama mbele ya ubao.

Akaanza. Mkewe alikaa mlangoni na kiti chake, miguu ameinyoosha, kama mtu aliyekata tiketi. Ndizi zilikuwa bado na ubichi kidogo, na utomvu wake ukang'ang'ania kisu. Bucha akawa anakata, anafuta, anakata, anafuta, vipande vinatoka sawasawa utadhani vimepimwa. Biringanya akazikata kama steki. Mkewe akasema hizo mboga lazima ziwe zimeogopa. Bucha alikuwa na kazi. Alikaanga zile nyanya mpaka jasho likamdondoka puani, na kila alipotaka kuharakisha alimkumbuka mkwe, akapunguza moto, akasubiri. Mafuta yakapanda. Akatia zile mbegu, na harufu ikageuka kweli, ikawa nzito, ya moshi, ya chakula cha watu wazima. Karanga zikaulainisha mchuzi, ndizi zikaingia, bamia zikafuata. Nyumba yote ikanukia. Mkewe akaacha kutania. Akasimama, akaja na kijiko, akaonja, akaonja tena, kisha akamtazama mumewe kwa namna ambayo hakuwa amemtazama siku nyingi.

"Atakula," mke akasema.

Bucha alifurahi mpaka akaona aibu. Akaanza kusafisha meza huku anapiga mluzi. Akaosha kisu. Na kabla hajakirudisha mahali pake mkono ukaingia mfukoni mwa aproni, ukatoa kitambaa, ukaanza kukifuta. Yeye mwenyewe hakuwa na habari. Macho ndiyo yaliyomshtua.

Lazima nieleze kitambaa hicho. Kila mkata nyama wa zamani anacho: kipande cha nguo kilichoshibishwa mafuta ya ng'ombe, cha kupaka kisu ili kisipate kutu na kisinate. Cha Bucha kilikaa mfuko wa kulia. Mkewe alipoifua aproni alikitoa akakiweka dirishani, na asubuhi ile Bucha, katika kuvaa, alikirudisha mfukoni bila kuwaza, kama wewe unavyochukua funguo. Sasa kilikuwa mkononi mwake, na kilikuwa na mistari. Mistari myeusi, ya kunata, mingi. Utomvu wa ndizi.

Kumbe ndivyo alivyokuwa anafuta. Kila kiliponata kisu, mkono ulijiendea mfukoni, na kila kipande cha ndizi kilichoingia kwenye sufuria ile kilikatwa kwa kisu chenye mafuta ya ng'ombe. Akakaa juu ya gunia la mkaa na aproni yake safi.

Mkewe akaelewa. Kisha akaenda akafunga mlango wa jikoni, kana kwamba kuna mtu wa kusikia.

"Ni kiasi gani hicho? Ni kitone," akasema. "Pakua. Mimi sijaona kitambaa. Mtoto wangu anaondoka Jumanne, nataka nimwone anakula hapa, basi."

"Hata mimi nataka," Bucha akasema. "Lakini siku ile nilimfanyia mzaha. Nikimpakulia huu, leo nitakuwa nimemwibia."

Mke alilia, tena kwa hasira, akimwambia kwamba uungwana wake umechagua siku mbaya ya kuanza.  Bucha alivua aproni, akaitupa nje pamoja na kitambaa chake. Akabeba sufuria mpya na mwiko wake na mchuzi wake wote, akavuka barabara mpaka gereji, akaitua chini mbele ya fundi magari na wenzake, akarudi bila maelezo.

Sasa tazama hali ilivyokuwa. Saa ya wageni imekaribia. Ndizi zipo, nusu ya mkungu. Nyanya zipo, mawese yapo, kopo la mbegu limebaki nusu. Mikono ameiosha mpaka imewiva. Lakini sufuria hana, mwiko hana, na kisu hataki hata kukiona. Mtu mwingine angekaa akangoja kuaibika. Bucha alisema tu, "Mikono ninayo," akakaa chini sakafuni juu ya mkeka, akaanza.

Ndizi alizitupa juu ya makaa na maganda yake, ziungue. Zilipoiva aliyachambua maganda kwa kucha huku anapuliza vidole, akazivunjavunja. Vitunguu aliviweka kwenye mfuko safi akavigonga kwa tako la chupa ya soda, tangawizi vilevile, pilipili vilevile. Nyanya aliziponda ndani ya ngumi mpaka maji yakamchuruzika viwikoni. Mtu aliyekuwa anakata kilo kwa mara moja alikuwa anararua mchicha kama mbuzi. Vipande vilitoka vikubwa kwa vidogo, vya ajabu ajabu, hakuna kilichofanana na kaka yake.

Mkewe alimtazama hivyo kitambo. Halafu akaondoka, na Bucha akasikia kioo cha kabati la sebuleni kikisogezwa. Kabati lile lilikuwa na seti ya vyombo vya harusi: sufuria nzito yenye maua, upawa wake, mabakuli na glasi zake. Havikuwahi kuguswa na chakula. Vilikuwa vya wageni, na wageni wote waliokuja nyumba ile tangu wakati huo hawakuwahi kutosha kuwa wageni hao. Bucha mwenyewe aliwahi kufokewa kwa kuvifuta vumbi vibaya. Mke aliiweka sufuria mbele yake, akaipangusa kwa kiganja.

"Namngoja mgeni gani mwingine?" akasema, akaenda kuwasha jiko la pili.

Mafuta yalikuwa bado hayajapanda mlango ulipogongwa. Binti aliingia na mumewe, begi begani, na kitu cha kwanza alichokisema baada ya kuamkia ni kwamba wameshakula. Kisha akasimama. Nyumba ilinukia mchuzi uliokwisha kuiva, lakini jikoni baba yake alikuwa sakafuni, shati limejaa nyanya, anavunja bamia kwa vidole. Na jikoni pale sufuria ya maua ilikuwa juu ya moto. Binti aliitambua sufuria ile, akamtazama mama yake kwa hofu, akidhani kuna mtu amekufa.

Bucha hakuinuka. 

"Nilikupikia," akasema. "Mchuzi ulikuwa umeiva. Nikaja kugundua kisu nilikuwa nakifutia kitambaa changu cha mafuta. Mkono umezoea, sikujua. Kitambaa kiko pale nje, nenda kakitazame."

Binti alitoka kweli. Alikiokota, akakigeuza, akaona ile mistari ya utomvu. Alikuwa amekulia nyuma ya gogo lile, hakuhitaji kuelezwa kitambaa ni nini. Alirudi taratibu.

"Ungepakua tu, Baba," akasema. "Nisingejua."

"Najua. Ndiyo maana nimewapelekea mafundi wa gereji."

Hapo akatokea fundi magari mwenyewe, kwa mlango wa nyuma, na sufuria mpya mikononi. Ilikuwa tupu, imeng'aa, wameilamba. Alitaka kujua ile nyama ilikuwa sehemu gani ya ng'ombe, kwa sababu yeye amekula nyama za Bucha miaka yote na hajawahi kukutana na laini namna ile. Mkwe akamwambia ni biringanya. Fundi alikataa katakata. Alisema asidanganywe, yeye si mtoto, akaondoka amekasirika. Mke wa Bucha alicheka, akafuatia mkwe, na binti naye akashindwa kujizuia, akacheka mkono mdomoni.

Akavua viatu. Akashusha begi, akaliweka kando ya mlango, chupa ya bluu ikichungulia mfuko wa pembeni. Akaketi mkekani karibu na baba yake, akavuta nusu ya bamia upande wake, akaanza kuvunja.  Mkwe alichungulia sufuriani, akasema mafuta yamepanda, muda ni huu, akafungua lile kopo la mbegu na kufumba macho kama mtu aliyefika kwao. Aliposikia ndizi zimeungua kwenye makaa na maganda yake, alisema mama yake akijua ataomba afundishwe.

Walichelewa sana kula. Njaa ilikuwa imewauma wote, hata wale walioshakula. Mama akapakua mezani kwenye mabakuli ya maua. Mchuzi haukuwa mzuri wa kutazama. Vipande vya ndizi vilijitokeza huku na kule kama mawe njiani, na majani yalikuwa mapana. Bucha alisogea mbele kidogo kwenye kiti. Alikuwa tayari. Alikuwa amejiandaa tangu alfajiri kwa lile swali la humu kuna nini: angelijibu mara ya kwanza, na likirudiwa angelijibu tena, na mara ya tatu pia, kitu kimoja kimoja, kuanzia mawese mpaka chumvi.

Binti alipokea bakuli. Akalipuliza. Akachota, akala.

Hakuuliza.

Bucha alibaki na majibu yake yote mdomoni. Binti akachota tena, kipande kikubwa cha ndizi, akakisukumia na mboga, akatafuna anatazama chini. Alikuwa anakula kama alivyokula utotoni, kwa kasi, akiinamia bakuli. Mama alijifanya anatafuta chumvi. Kisha pilipili, ambazo Bucha alizigonga bila kuzihesabu, zikamkamata binti kooni. Akakohoa, machozi yakamtoka, uso ukawiva. Mumewe akageukia mlangoni lilipokuwa begi, akanyoosha mkono kuchukua ile chupa ya bluu.

Binti alimshika mkono, akamzuia. Akamtazama mzee wake, bado anakohoa.

"Baba," akasema, "nipe maji."

Bucha aliinuka haraka mpaka kiti kikaanguka. Akachukua glasi ya maua kabatini, akaenda kwenye bomba la jikoni, akafungua, na akasimama pale amewapa wote mgongo, glasi imejaa, maji yanamwagikia mikono yake, mpaka mkewe akamwambia alete basi, mtoto anangoja.